Je, Gari Laweza Kwenda kwa Maji? Somo la Seli ya Hidrojeni

Kila bei ya petroli inapopanda, hurudi pamoja nayo habari ya gari linalokwenda kwa maji. Habari hiyo husimuliwa hivi: mkebe wenye bamba za chuma hujazwa maji na kufungwa karibu na injini, waya mbili huunganishwa na betri, umeme huyatenganisha maji yakawa gesi, gesi hiyo hupitishwa katika mpira hadi kwenye kabureta, na gari, yasemwa, hutumia nusu tu ya mafuta lililokuwa likitumia. Kwa kijana wa sekondari anayeishi Engutoto, jijini Arusha, habari ya namna hii ina mvuto wa pekee. Vifaa vyote vinavyotajwa vinapatikana madukani na kwa mafundi wa mji wake, na kanuni inayotajwa imo katika kitabu chake cha kemia.

Wala si ajabu kwamba Watanzania huisikiliza kwa makini. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979, taifa lililazimika kubana matumizi hata ikafika wakati magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana. Nchi iliyoonja dhiki hiyo ina haki ya kuuliza kama maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru yaweza kuchukua nafasi ya petroli. Swali ni halali, na jibu lake halihitaji imani wala ubishi. Linahitaji mizani, saa na kipimo cha umeme.

UMEME UNAVYOYATENGANISHA MAJI

Mwaka 1800 Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitumbukiza nyaya za betri ndani ya maji wakaona mapovu yakitoka penye kila waya. Kwenye ncha hasi, yaani kathodi, ilitoka hidrojeni. Kwenye ncha chanya, yaani anodi, ilitoka oksijeni. Tendo hilo huitwa elektrolisisi. Ujazo wa hidrojeni huwa mara mbili ya ule wa oksijeni, kwa kuwa kila molekyuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni.

Baadaye, katika miaka ya 1830, Michael Faraday alionyesha kwamba kiasi cha gesi hakitegemei umbo la chombo, wala ustadi wa fundi, wala namna bamba zilivyopangwa. Hutegemea kiasi cha umeme kilichopita. Ili kupata moli moja ya hidrojeni, ambayo ni gramu 2, lazima zipite koulombi 193,000. Kwa lugha ya fundi, ampea moja ikipita katika seli moja kwa muda wa saa moja hutoa gramu 0.0373 za hidrojeni, basi. Hakuna seli, iwe ya chupa ya jemu au ya kiwanda kikubwa, iliyopata kuivunja kanuni hii. Msomaji aikumbuke namba hiyo, maana ndiyo itakayoamua kesi yote.

JARIBIO LA DARASANI

Chupa ya plastiki hukatwa kitako, ikageuzwa kichwa chini, na mdomo wake ukazibwa kwa kizibo cha mpira. Katika kizibo hupenyezwa vijiti viwili vya makaa vilivyotolewa katika betri kuukuu za tochi na kusafishwa vizuri. Nafasi zinazobaki huzibwa kwa nta. Kila kijiti hufunikwa na mrija wa kupimia wa mililita 50 uliojazwa maji ya jaribio na kupinduliwa, midomo ya mirija isiguse kizibo. Betri nne mpya za tochi zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 6, na ampmita huwekwa katika njia ya umeme.

Maji gani yatumike? Hapa wanafunzi wa Arusha wana bahati kuliko wenzao wengi, kwa kuwa mazingira yao yenyewe ni maabara. Kwanza yatumike maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Ampmita haitasogea ila kidogo sana, kwa sababu maji yaliyo karibu kuwa safi hayana ayoni za kutosha kubeba umeme. Kisha yatumike maji ya bomba au ya kisima. Sindano itapanda. Maji ya miteremko ya Meru hupita katika miamba ya volkeno na kuyeyusha madini, hasa chumvi za sodiamu na floridi, ile ile inayoyapaka meno ya watu wengi wa sehemu hizo rangi ya kahawia. Mwanafunzi mwerevu atauliza kama gesi ya florini, iliyo sumu kali, haitatoka kwenye anodi. Haitatoka. Ayoni ya floridi huishikilia elektroni yake kwa nguvu sana, hivyo maji hutangulia kuitoa ya kwao na oksijeni ndiyo huonekana. Floridi hubaki ndani ya chombo, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa nzito humo.

Mwisho huongezwa magadi yaliyosagwa, kidogo kidogo, hadi ampmita isome ampea 0.25. Magadi ya sokoni, ambayo akina mama hutia katika maharage ili yaive upesi, ni mchanganyiko wa kaboneti za sodiamu, nayo huweza kubeba umeme vizuri bila ukali wa soda kostiki, ambayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Chumvi ya kula isitumike kamwe: hiyo hutoa klorini kwenye anodi. Kwa kuwa magadi nayo huwa na chembe za chumvi, harufu hafifu kama ya dawa ya kung'arishia nguo yaweza kusikika. Madirisha yaachwe wazi.

Kwa ampea 0.25 katika dakika 20 zitapita koulombi 300. Hesabu inasema itapatikana hidrojeni moli 0.00155. Lakini je, huo ni ujazo gani? Vitabu vingi hutoa jibu la pwani. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,400, na kanieneo ya hewa yake ni karibu kilopaskali 86, wakati Dar es Salaam ni karibu 101. Katika nyuzijoto 22 gesi ile ile itakuwa na ujazo wa mililita 44 Arusha, na mililita 38 tu ingelikuwa usawa wa bahari. Gesi haikuongezeka, hewa ya mlimani ndiyo inayoibana kidogo zaidi. (Mvuke wa maji uliomo ndani ya mrija huongeza mililita moja hivi juu ya hesabu hiyo.) Mwanafunzi wa Engutoto anayepata ujazo mkubwa kuliko wa kitabuni asidhani kwamba amegundua nishati mpya.

Kwa upande wa anodi oksijeni itatoka pungufu ya nusu iliyotarajiwa. Sehemu yake huyeyuka ndani ya maji, na sehemu nyingine hukila kile kijiti cha makaa na kuwa kabonidioksidi, ambayo nayo huyeyuka katika magadi. Unga mweusi utakaoonekana chini ya mrija ndio ushahidi. Mtu anaweza kushawishika kutumia bamba za chuma kisichoshika kutu badala ya makaa, kama wafanyavyo watengenezaji wa seli za magari. Darasani jambo hilo halifai: kromiamu iliyomo katika chuma hicho huweza kuyeyuka kwenye anodi na kuyatia maji rangi ya manjano, na kromiamu ya namna hiyo ni sumu inayoleta saratani.

Gesi mbili zikusanywe mbalimbali, na hilo si pambo la jaribio bali ni uhai wa watu. Hidrojeni peke yake ndani ya mrija mdogo, ikisogezewa njiti inayowaka, hutoa mlio mfupi ambao kila mwanafunzi hufurahia kuusikia. Hidrojeni iliyochanganyika na oksijeni katika uwiano wa mbili kwa moja ni baruti. Cheche ndogo kuliko ile ya nguo ya nailoni inapovuliwa hutosha kuilipua, na mkebe uliofungwa hugeuka vipande vya bomu. Seli ya gari hutoa mchanganyiko huo huo, ndani ya boneti yenye joto, karibu na nyaya za plagi. Na moto ukirudi nyuma kutoka kwenye injini hupita ndani ya mpira hadi kwenye mkebe kwa kasi ambayo hakuna mkono uwezao kuiwahi. Kwa hiyo gesi hizi zisihifadhiwe hata katika mfuko wa plastiki, na mirija imwagwe mara kipimo kinapokwisha kuandikwa.

KUTOKA MEZANI HADI KWENYE INJINI

Sasa tufikirie seli iliyotengenezwa vizuri, wala si ile ya kubahatisha. Ina vyumba sita vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kikipata volti 2.3 kati ya volti 13.8 za umeme wa gari, na mkondo wa ampea 20 unapita katika vyumba vyote. Huo ni umeme wa wati 276, sawa na taa nne au tano kubwa za gari. Kwa namba ya Faraday kila chumba kitatoa gramu 0.746 kwa saa, na vyumba sita vitatoa gramu 4.48. Gramu moja ya hidrojeni ikiungua hutoa kilojouli 120. Basi nishati inayorudi katika gesi ni kilojouli 537 kwa saa, yaani wati 149.

Tayari karibu nusu imepotea, nayo imekwenda katika kuyapasha maji moto. Lakini hasara kubwa iko nyuma zaidi. Umeme wa gari hautoki kwenye betri kama maji yatokavyo kisimani. Betri ni ghala tu, na ghala hilo hujazwa na oltaneta inayozungushwa na mkanda wa injini. Anayetaka kulihisi jambo hili kwa miguu yake apande baiskeli yenye dinamo, kisha awashe taa: pedeli huwa nzito papo hapo. Oltaneta hutoa umeme kwa kiasi kidogo zaidi ya nusu ya kazi inayopewa, hivyo kupata wati 276 injini hutoa takriban wati 500. Injini ya petroli nayo hugeuza robo tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Robo tatu hutoka kwa rejeta na bomba la moshi. Wati 500 za kazi zinadai petroli ya wati 2,000.

Hesabu hiyo ipelekwe barabarani. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilometa 80 hivi, mwendo wa saa moja na nusu. Gari linalotumia lita 8 kwa kilometa 100 litatumia lita 6.4. Lita ya petroli ina megajouli 32. Katika safari hiyo seli itatoa hidrojeni gramu 6.7, zenye nishati sawa na petroli mililita 25, ambazo ni vijiko vitano vya chai. Na petroli iliyochomwa ili kuuzalisha umeme wa seli? Mililita 340, karibu chupa nzima ya soda. Dereva amemwaga chupa ya soda ili azawadiwe vijiko vitano.

Mapovu hudanganya macho. Seli hiyo hutoa hidrojeni karibu lita moja kila dakika, na mtu akiitazama ikitokota huamini kwamba ameona nguvu kubwa. Lakini injini ya sentimeta za ujazo 1,500, ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, huvuta pumzi ya lita 1,875 katika muda huo huo. Lita moja humo ni tone ndani ya ndoo.

Kuna watu wanaosema kwamba ushindi utapatikana kwa seli bora zaidi. Hawa hawajaielewa shida. Maji si nishati iliyofichwa. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua, ni majivu yake. Anayeyatenganisha lazima kwanza ayarudishie nishati yote yaliyoitoa yalipoungana, na seli iliyo kamilifu kabisa, isiyokuwapo duniani, ingelirudisha kile kile ilichopewa bila ziada hata ya jouli moja. Waliodai zaidi ya hapo wameshindwa kuonyesha. Stanley Meyer wa Marekani, aliyetangaza gari lake la maji na kuchukua fedha za watu, alipofikishwa mahakamani katika jimbo la Ohio wataalamu waliichunguza seli yake wakakuta ni elektrolisisi ya kawaida. Mwaka 1996 mahakama iliamua kuwa ni ulaghai na kumwamuru arudishe fedha.

KWA NINI BASI MADEREVA WENGINE HUONA NAFUU?

Si haki kuwaita waongo wote wanaosimulia kwamba gari lao lilibana mafuta baada ya kufungwa seli. Wengine walipima kweli, isipokuwa walipima mambo mawili kwa pamoja. Fundi anapofunga seli husafisha plagi, hubadilisha kichujio cha hewa, hurekebisha kabureta. Na dereva mwenyewe, kwa kutaka kuona matokeo, hupunguza mwendo. Kila moja kati ya haya huokoa mafuta bila tone la maji.

Tena katika nyanda za Meru kuna sababu ambayo mtu wa pwani hanayo. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam au Tanga hupima petroli kwa ajili ya hewa nzito ya pwani. Ikipandishwa Arusha, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi, petroli huzidi hewa, moshi huwa mweusi na mafuta hupotea. Mpira wa seli unaotobolewa katika njia ya kabureta huingiza hewa ya ziada, na mchanganyiko hukaribia kuwa sawa. Gari hilo lilihitaji bisibisi na dakika tano, likapewa mtambo wa kulipuka. Katika magari ya siku hizi yenye kompyuta, ambayo hujirekebisha yenyewe kwa kupima oksijeni katika moshi, hata nafuu hiyo haipo. Wauzaji wa seli huwashauri wateja waongeze kifaa cha kuipotosha kompyuta, na injini inayonyimwa mafuta kwa hila hiyo huweza kupata joto kupita kiasi.

Njia ya kupima kwa uaminifu haina gharama. Gari lile lile, dereva yule yule, barabara ile ile, tangi likijazwa hadi alama moja. Safari kadhaa seli ikiwa imewashwa na kadhaa ikiwa imezimwa, na swichi ishikwe na mtu mwingine ili dereva asijue.

HIDROJENI INAKOTENGENEZWA KWELI

Hidrojeni yenyewe si ndoto. Isaac de Rivaz aliiendesha kwayo injini yake mapema mwaka 1807, akiwa ameibeba ndani ya mfuko. Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii kwa njia ya ajabu. Novemba 1917 Wajerumani walirusha kutoka Bulgaria chombo cha anga L 59, kilichoelea kwa hidrojeni, kipeleke risasi na dawa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa kusini ya Tanzania ya leo. Hakikutazamiwa kurudi, kwa kuwa huku hakukuwa na mahali pa kupata hidrojeni ya kukijaza tena. Nguo yake ilikuwa ishonwe mahema na mavazi. Kiligeuza njia juu ya Sudani baada ya kupata habari za redio, na hakikufika.

Mahali ambapo Waafrika wametengeneza hidrojeni ya maji kwa wingi, palikuwa na mto nyuma yake. Kiwanda cha mbolea cha Aswan, Misri, kilianza mwaka 1960 kwa umeme wa Nile. Kile cha Kwekwe, Zimbabwe, kilitenganisha maji tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2015, kilipofunga mitambo hiyo kwa kulemewa na gharama ya umeme. Hidrojeni yao iliunganishwa na nitrojeni ya hewa ikawa amonia, na amonia ikawa chakula cha mahindi.

Ikiwa gari letu la Moshi lingeendeshwa kwa hidrojeni tupu kutoka seli iliyoelezwa hapo juu, lingehitaji umeme uniti 105 hivi. Betri yake ya volti 12 na ampea-saa 60 ina uniti 0.72, zingetakiwa betri zaidi ya 140. Mto Themi, unaopita Arusha na kumwaga maji yake katika Kikuletwa, hufika hatimaye katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mitambo ya megawati 8. Mitambo hiyo yote ikifanya kazi kwa saa moja ingetoa hidrojeni ya safari 76 za Moshi. Lakini umeme huo huo ukitiwa moja kwa moja katika gari la betri, safari moja huhitaji uniti 15 tu hivi, na hesabu hupanda kupita safari 500. Gesi ya samadi, ambayo kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kimeieneza vijijini, huweza pia kuzungusha injini, kwa kuwa nishati yake ililetwa na jua katika majani aliyokula ng'ombe.

MASWALI

Mwanafunzi arudie hesabu ya safari ya Moshi kwa seli ya chumba kimoja inayopewa volti zote 13.8 kwa ampea 20, aeleze ni asilimia ngapi ya umeme inayogeuka kuwa joto. Akokotoe ujazo wa hidrojeni ambao jaribio la dakika 20 lingetoa Mwanza, akiuliza kwanza urefu wa mji huo kutoka usawa wa bahari. Aeleze kwa nini maji ya jaribio la magadi, yakiachwa wiki nzima katika umeme na kuongezwa maji ya bomba kila siku, hayafai hata kunyweshwa kuku. Na mwenye baiskeli ya dinamo aiunganishe na seli ya darasani, apige pedeli dakika 20, kisha aandike alichokipata katika mrija.